Lisilo Budi Hutendwa: Mgogoro wa Kitaifa na Mtindo wa Uongozi wa Rais

Utangulizi

Imezoeleka kusemwa kwamba msiba wa taifa humkomaza kiongozi. Husemwa kuwa rais aliyelala huamshwa na kishindo, mwenye kiburi hunyenyekezwa na damu iliyomwagika, na aliyekuwa wa kabila lake huwa wa taifa zima. Kauli hizi hupendeza masikioni, hasa katika hotuba za maombolezo, lakini zikipimwa kwa mizani ya historia ya Kenya hupatikana zimepunguka. Mgogoro uliomfanya rais mmoja aikunjue ngumi ndio uliomfanya mwingine aikunje. Isitoshe, rais mmoja na yuleyule ameonekana akiikunja katika mgogoro huu na kuikunjua katika ule.

Makala haya yanashikilia kwamba mgogoro peke yake hautoshi kueleza mabadiliko ya mtindo wa uongozi. Jambo linaloamua ni moja: je, baada ya kishindo kutulia, rais analazimika kutafuta ridhaa ya mtu asiyemtaka? Akilazimika, husikiliza. Asipolazimika, hukaza kamba. Wahenga walilisema hili kwa maneno matatu tu: lisilo budi hutendwa.

Ithibati za dai hili zimo jijini Nairobi. Kutoka jengo la Sauti ya Kenya katika Barabara ya Harry Thuku, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Nairobi, hadi Nyayo House, Harambee House, Bunge na Jumba la KICC, mtu aweza kutembea kwa miguu na kupita karibu kila mahali ambapo urais wa Kenya umetikiswa tangu uhuru. Akiendelea kuelekea magharibi atazikuta Westlands, Kangemi, Kawangware na Kibera, mitaa ambayo matajiri na maskini wake wamelipa gharama ya mitikisiko hiyo.

Agosti 1, 1982: Ngumi Iliyokunjwa

Daniel arap Moi alipoingia Ikulu mwaka 1978 hakuanza kwa ukali. Mnamo Desemba 12, 1978 aliwaachilia wafungwa wote wa kisiasa waliokuwa kizuizini, akiwamo mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka uliofuata watoto wa shule za msingi wakaanza kunywa maziwa ya bure. Kaulimbiu yake ya Nyayo, pamoja na maneno amani, upendo na umoja, ilipokewa kwa furaha. Alikuwa rais wa kusimamisha msafara barabarani na kuwasalimu wananchi.

Alfajiri ya Jumapili, Agosti 1, 1982, wanajeshi wa vyeo vya chini wa Jeshi la Anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, waliiteka Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyependwa kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, alitolewa nyumbani kwake na kulazimishwa kulitangazia taifa kuwa serikali imepinduliwa. Rais alikuwa Kabarak. Maduka ya katikati ya jiji yaliporwa, na familia za Kiasia za Ngara na Parklands zikavamiwa majumbani mwao. Katika muda wa saa chache kikosi cha jeshi la nchi kavu kilichoongozwa na Mahmoud Mohamed kilikikomboa kituo, na jaribio likazimika. Zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa.

Yaliyofuata yanajulikana vyema katika kumbi za vyuo. Jeshi la Anga lilivunjwa. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, Tito Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na akafia gerezani mwaka 1988. Mnamo Septemba 1984 Rais aliwataka mawaziri wake na viongozi wengine waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye. Mwaka 1986 Katiba ilibadilishwa ili Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waweze kuachishwa kazi kwa hiari ya Rais, na mwaka 1988 majaji nao wakapoteza kinga hiyo. Katika uteuzi wa KANU wa mwaka 1988 kura ya siri iliwekwa kando, wananchi wakapanga foleni nyuma ya wagombea. Chini ya Nyayo House, jengo ambalo Wakenya hulijua kwa foleni za pasipoti, palikuwa na seli walimoteswa watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya.

Je, ni sahihi basi kusema kwamba mapinduzi ndiyo yaliyombadilisha Moi? Kalenda inakataa jibu la haraka. Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria, kilipitishwa Juni 1982, kabla ya risasi ya kwanza kulia. Mwezi huohuo wahadhiri walikuwa wameanza kukamatwa, miongoni mwao Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, na Willy Mutunga wa kitivo cha sheria. Ngumi ilikuwa tayari imeanza kukunjwa. Jaribio la Agosti lilimpa rais kibali cha kuikaza bila kuulizwa, kwa kuwa aliushinda mgogoro ule ushindi kamili. Waasi walishindwa, chuo kilifungwa, Bunge lilikuwa la chama kimoja, na hapakubaki mtu yeyote ambaye ridhaa yake ilihitajika.

Mtu Yuleyule, Mkono Mwingine

Huenda msomaji akapinga kwamba yote haya ni suala la hulka: Moi alikuwa mkali kwa maumbile, na agosti ile ilimfichua tu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama Moi angebaki vilevile hadi mwisho. Hakubaki.

Julai 7, 1990, siku iliyoingia katika lugha kwa jina la Saba Saba, vijana walipambana na polisi kuanzia Kamukunji hadi mitaa mingine ya jiji, siku chache baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kutiwa kizuizini. Mwanzoni jibu la serikali lilikuwa lile la 1982. Hata hivyo safari hii mgogoro haukuisha kwa kuzimwa. Makanisa na mawakili hawakunyamaza, na Novemba 1991 nchi wafadhili, katika mkutano wao wa Paris, zilisimamisha misaada mipya. Mwezi uliofuata wajumbe wa KANU walikutana Kasarani, na Bunge likakifuta Kifungu cha 2A. Rais aliyeapa kuwa vyama vingi vitaleta vita vya kikabila ndiye aliyewaambia wajumbe wake wakubali.

Hakuongoka moyoni. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofunga kula katika Bustani ya Uhuru wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walipigwa na polisi, wakahamia katika Kanisa Kuu la All Saints. Hata hivyo hawakuondoka, na kufikia 1993 wengi wa wana wao walikuwa wameachiliwa. Hulka ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na watu ambao rais hangeweza kuwapuuza bila kugharimika.

Kibaki: Kutoka 2005 hadi 2008

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mwai Kibaki, kwa kuwa urais wake una migogoro miwili inayoweza kulinganishwa.

Wa kwanza ni wa Novemba 21, 2005, wananchi walipoikataa rasimu ya katiba katika kura ya maoni na Chungwa likaishinda Ndizi. Kibaki alikuwa na sifa ya rais mpole, anayewaachia mawaziri kazi, asiyependa kelele za majukwaani. Siku mbili baada ya kushindwa alilivunja baraza zima la mawaziri, na alipounda jipya akawaacha nje wenzake waliompinga. Machi 2006 maafisa wa usalama waliofunika nyuso walivamia ofisi za kituo cha KTN katikati ya jiji na mtambo wa kuchapia wa gazeti la Standard, wakayachoma magazeti. Rais mpole alikuwa amejifungia. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu kushindwa katika kura ya maoni hakukumnyang'anya kiti wala wingi wa kutosha wa kutawala.

Mgogoro wa pili ulianza Desemba 30, 2007. Samuel Kivuitu alitangaza matokeo ya urais katika Jumba la KICC huku matangazo ya moja kwa moja ya vituo vingine yakiwa yamekatwa, na Kibaki akaapishwa Ikulu jioni hiyohiyo, jua likizama. Kutoka Ikulu hadi Kibera ni mwendo wa dakika chache kwa gari, na usiku ule moto ulionekana. Reli iliyopita Kibera iling'olewa. Kawangware, majirani waliokuwa wakikopeshana unga walihamana kwa misingi ya makabila. Bustani ya Uhuru ilizingirwa na askari wa GSU ili upinzani usipate uwanja wa mkutano. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini, na mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa makwao. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mwanzoni Kibaki alifanya kama 2005. Januari 8, 2008 alitangaza sehemu kubwa ya baraza lake la mawaziri wakati ambapo mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, John Kufuor, alikuwa akiwasili kupatanisha. Laiti upinzani ungekuwa dhaifu, mambo yangeishia hapo. Lakini ODM ilikuwa na wabunge wengi kuliko chama cha Rais, barabara ya kwenda Uganda ilikuwa imefungwa, na hakuna upande ulioweza kutawala bila mwingine. Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel waliketi na wawakilishi wa pande mbili katika Hoteli ya Serena kwa majuma kadhaa. Mwishoni Rais Jakaya Kikwete alikuja kutoka Tanzania, nchi ambayo rais mtendaji na waziri mkuu wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi, akasaidia kuondoa hofu kwamba mpangilio kama huo hauwezekani. Februari 28, 2008 Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba kwenye ngazi za Harambee House. Aprili 17, Raila akaapishwa kuwa Waziri Mkuu.

Tangu hapo mtindo wa Kibaki ulikuwa mwingine. Aliyewatupa nje wapinzani wake mwaka 2005 sasa alikaa nao katika baraza la mawaziri 40. Aliyeshindwa kupata katiba kwa ubabe mwaka 2005 aliipata kwa maafikiano: Agosti 4, 2010 wananchi waliikubali, na Agosti 27 akaitangaza rasmi katika Bustani ya Uhuru, bustani ileile iliyokuwa imezungukwa na askari.

Hata hapo, anayetaka kusadiki kwamba moyo wa rais ulibadilika atafakari yaliyotokea mwanzoni mwa 2011. Kibaki aliwateua Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Msimamizi wa Bajeti bila kuafikiana na Waziri Mkuu kama sheria ilivyotaka. Mazoea ya zamani yalikuwa yamerejea. Mahakama ilisema uteuzi huo unakiuka Katiba, Spika wa Bunge akaukataa, na Rais akauondoa. Nafasi ya Jaji Mkuu ikatangazwa, watahiniwa wakahojiwa hadharani, na Juni 2011 akaapishwa Willy Mutunga, mhadhiri yuleyule aliyetupwa kizuizini mwaka 1982. Tofauti ya 1982 na 2011 haimo katika wema wa Moi au wa Kibaki. Imo katika kuwapo au kutokuwapo kwa mtu mwenye uwezo wa kumwambia rais hapana.

Meza na Walioachwa Nje

Dai hili lina upande mchungu ambao haufai kufichwa. Ikiwa rais humsikiliza yule tu anayelazimika kumsikiliza, basi kusikiliza kwake hukomea pale meza inapokomea. Mwaka 2008 waliokuwa mezani Serena walikuwa wakubwa wa vyama, na walichopata kilikuwa vyeo. Waliofukuzwa makwao hawakuwa na kiti. Februari 2009 Bunge lilikataa mswada wa kuunda mahakama maalumu ya kuhukumu waliopanga ghasia, na kesi chache zilizofika The Hague hazikumtia hatiani kiongozi yeyote. Baba aliyepoteza mwana Kibera aliambiwa kuwa amani imepatikana, na kweli ilikuwa imepatikana. Haki ndiyo iliyobaki njiani.

Uhuru Kenyatta naye alipitia njia hizo mbili. Septemba 21, 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate, Westlands, na kuwaua watu 67. Rais alizungumza kama mfiwa, kwa kuwa naye alifiwa, na taifa likashikamana. Aliahidi tume ya uchunguzi, lakini haikuundwa. Magaidi si watu wa kuombwa ridhaa, na waliouliza maswali hawakuwa na nguvu ya kulazimisha jibu. Baada ya mashambulizi mengine, Desemba 2014, ikapitishwa sheria kali ya usalama ambayo Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vyake vinane mwaka 2015. Lakini Machi 9, 2018, baada ya uchaguzi uliofutwa na Mahakama ya Juu na ule wa marudio uliosusiwa, rais huyohuyo alisimama kwenye ngazi za Harambee House na kushikana mkono na Raila Odinga.

Juni 25, 2024 ilikuja na mgogoro wa sura mpya. Vijana waliojaa barabara za Moi, Kimathi na Kenyatta kupinga Mswada wa Fedha walisema hawana chama, hawana kabila, hawana kiongozi. Bunge lilivamiwa, risasi zikalia. Jioni hiyo Rais William Ruto alizungumza kwa ukali akiyaita matukio hayo uhaini, na kesho yake akakataa kutia saini mswada huo. Julai 11 aliwafuta kazi karibu mawaziri wote. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba mtindo umegeuka. Lakini rais alihitaji mtu wa kuafikiana naye, na vijana walikuwa wamesema hawana msemaji. Akamtafuta anayejulikana: wanasiasa wa ODM waliingia katika baraza la mawaziri, na Machi 7, 2025 mkataba na Raila Odinga ukatiwa saini katika KICC. Alipokwisha kupata ridhaa hiyo, hakuihitaji tena ile ya barabarani. Julai 2025 maandamano yalipofika Kangemi na mitaa mingine, polisi walifyatua risasi tena, na siku mbili baada ya Saba Saba Rais mwenyewe alisema hadharani jijini kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu.

Kutokuwa na kiongozi kuliwakinga vijana wasinunuliwe. Kuliwanyima pia kiti mezani. Hili ni fumbo ambalo kizazi hicho hakijalifumbua, na si la kuwacheka.

Kila Mgogoro na Msamiati Wake

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuyafuatilia haya, kwa kuwa kila mgogoro umeiachia lugha neno. Miaka ya themanini iliacha kasuku na mlolongo. Mwaka 2008 uliacha nusu mkate, istilahi ya kisiasa iliyo wazi kuliko kurasa nyingi za sheria: mkate ni mmoja, wenye njaa ni wawili, na mkataji hajulikani. Westgate ilirudisha Nyumba Kumi, utaratibu uliotoka Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 2018 ulileta handisheki. Mwaka 2023 ulimpa Rais jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mti na kuambiwa ashuke. Nyayo lilitoka kwa mtawala na raia wakaambiwa walifuate. Zakayo lilitoka kwa raia na mtawala akalazimika kulijibu. Anayetaka kujua nguvu ziko upande gani na asikilize ni nani anayebuni maneno.

Lakini ridhaa haiombwi kwa lugha ambayo mwombwa haielewi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, katiba iliyozaliwa na moto wa 2008, kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo katiba yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kikafuata kama tafsiri, na miswada ya fedha huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mwaka 2024 vijana hawakusubiri: waliufafanua mswada kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama zao, wakausambaza kwa simu. Mama mboga wa Kawangware alipojua kilichoandikwa kuhusu mkate na mafuta ya kupikia, serikali ilipata mtu mpya wa kumwomba ridhaa. Tafsiri ilifanya kazi ambayo upinzani bungeni ulikuwa umeshindwa kuifanya.

Hitimisho

Migogoro haijakoma kuijia Kenya, na kila utakapokuja watasikika watu wakitumaini kwamba safari hii rais atabadilika. Historia ya nusu karne katika eneo la kilomita chache za jiji la Nairobi inawaonya. Rais hubadilika pale anapokutana na Bunge linalokataa, mahakama inayobatilisha, akina mama wasioondoka bustanini, na raia anayeujua mswada kabla haujapigiwa kura. Pasipo hao, kishindo humpa sababu ya kukunja ngumi tu.

Hao watatu wa kwanza wana wataalamu wao. Wa nne ni wa idara za Kiswahili. Chama cha wanafunzi kinachoweza kuandaa kongamano kuhusu ushairi kinaweza pia, kila mwezi wa Mei, kuutoa mswada wa fedha katika Kiswahili chepesi, kifungu kwa kifungu, na kuupeleka Kangemi na Kibera kabla ya Juni. Ukiona vyaelea, vimeundwa; na rais msikivu naye huundwa na wanaojua cha kumwambia.